Uliza Fundi: Jirani anaiteka spika yangu

Wiki hii mmeniandama na Bluetooth tu, haya twende.

Shikamoo fundi. Nauza dagaa Mwaloni Kirumba, nimenunua spika ya Bluetooth nichangamshe biashara, sasa kila nikienda kupokea mzigo nikirudi nakuta inapiga nyimbo za mtu mwingine kabisa. Nimeshahakiwa au? — Mama J

Marahaba mdogo wangu. Hujahakiwa wala nini. Hizi spika za bei chee nyingi hazina namba ya siri, ni mlango wa kurudishia tu, anayewahi kusukuma ndo anaingia. Ukiwa hapo na simu yako imeishika, mwingine hapati nafasi, ila ukiondoka na simu mfukoni mpaka kule kwenye mitumbwi, na Bluetooth ya simu nyingi inafika kama mita 10 hivi, mawasiliano yanakatika na spika inabaki iko wazi, sasa simu ya jirani iliyowahi kukonekti hata siku moja tu inaidaka, na usishangae yeye mwenyewe hajui, anahangaika muziki wake umepotelea wapi. (Mimi nimeshampigia jirani taarabu saa sita usiku pale Igoma nikidhani simu yangu imekufa spika. Asubuhi alinisalimia kwa shingo upande.)

Dawa: spika nyingi ukibonyeza kitufe kwa muda mrefu zinafuta simu zote zilizokumbukwa, soma kile kikaratasi cha kwenye boksi, halafu konekti yako upya. Ukiona bado anakusumbua chomeka memori kadi au waya. Waya hautekwi na jirani.

Mambo bro, eafoni zangu nikiwa geto Nyegezi zinapiga fresh kabisa, nikitoka kutembea kandokando ya ziwa zinakatakata hasa ya kushoto. Ni feki? — Mwanafunzi

Poa mdogo wangu. Kabla hujamrudia muuzaji na maneno makali, niambie, simu unaiweka mfuko gani? Nadhani wa kulia, tena wa nyuma.

Iko hivi. Bluetooth ni redio ndogo ya miliwati chache tu, inatumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na mawimbi hayo maji yanayameza vizuri sana, na wewe mwenyewe kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo simu ikiwa kulia nyuma na sikio ni la kushoto, mawimbi inabidi yapite kwenye nyama yako yote hiyo. Geto huoni shida kwa sababu yakikwama mwilini yanagonga ukuta, dari, kabati, yanarudi kukutafuta sikioni kwa njia nyingine, ila ziwani hakuna ukuta, yakipotea yamepotea mpaka Ukerewe. Hamishia simu mfuko wa shati, au upande ule ule wa sikio linalokata, jaribu leo leo. Ikikata hata hapo ndo turudi kwenye ufeki.

Na usisingizie wingi wa simu za watu, japo mpaka waifai na oveni za maikrowevu ziko kwenye mawimbi hayo hayo. Bluetooth ya muziki imejigawia vichochoro 79 na inahama kichochoro mara 1,600 kwa sekunde moja, wakigongana kimoja huku tayari imeshakimbilia kingine, ndo maana kwenye daladala watu sita mnasikiliza kila mtu na lake.

Fundi ile alama yake ina maana gani?

Ni herufi mbili za kale za watu wa kaskazini mwa Ulaya, H na B, zimebandikwa pamoja: Harald Bluetooth, mfalme wa Denmark wa miaka ya 900. Kazi yenyewe ilianzia Ericsson huko Uswidi mwaka 1994, shida yao ikiwa kuondoa waya kati ya simu na vitu vya karibu. Vya karibu, sio vya nyumba ya tatu, kwa hiyo acheni kuilaumu haifiki mbali.

Nataka kumtumia mdogo wangu picha za harusi kabla hajapanda meli ya Ukerewe, bando sina. Bluetooth itakubali? — Dada wa Kitangiri

Itakubali dada, haili bando, hata laini isiwemo kwenye simu. Ila mkae karibu na muwe na subira, picha ya MB 5 inaweza kula sekunde 20 na kitu, na video ya MB 500 ni zaidi ya nusu saa, meli haitawasubiri. Mmoja akiwa na iPhone na mwingine Android ndo kabisa haziendi kwa njia hiyo. Picha tuma, video weka kwenye memori kadi aondoke nayo mkononi.