Muulize Sonara: Bangili za singo, pete iliyosawijika na lulu ya Bweleo

Barua za mwezi huu baadhi zimetoka kwa watu waliokwishasafisha ndipo wakauliza. Nimezipanga ninavyotaka mwenyewe. Iliyonifurahisha nimeitangulizia.

*Assalaam alaykum Ami. Nimeolewa karibuni, na katika tunza nimepata bangili sita za dhahabu, zimepigwa 916. Sikuzivua siku zote za singo, yaani kusuguliwa manukato ya bi harusi, na hina. Sasa zimefifia, zimefanya ukungu, na kwenye nakshi mmejaa uchafu mweupe. Mama mkwe anasema nizichemshe na ukwaju. Wifi yangu anasema nitie jiki kidogo kwenye ndoo, nizitumbukize. Nimfuate nani?*
Bi Harusi, Chake Chake

Waalaykumu salaam mwanangu, na hongera. Usimfuate hata mmoja, na usiwaambie kama ni mimi niliyekwambia.

916 maana yake katika kila sehemu 1000 za bangili hiyo, 916 ni dhahabu yenyewe. Ndiyo karati 22. Zilizobaki ni fedha na shaba, zimetiwa kuipa nguvu. Dhahabu ya kiwango hicho haili kutu, na kusawijika kwake ni kwa nadra. Kilichokaa juu ya bangili zako ni singo, basi. Liwa, unga wa karafuu, mlangilangi, mafuta ya nazi ya nywele, na sabuni ya kuogea isiyosuuzika vizuri, vyote vimegandamana penye maua ya nakshi vikakauka.

Chukua bakuli la plastiki. Usioshee kwenye sinki, nimeshaitwa nyumba za watu kufungua bomba la sinki kutafuta kipini. Tia maji ya vuguvugu, kama yale ya kumkoshea mtoto mchanga, na matone mawili matatu ya sabuni ya maji ya vyombo. Ziache humo robo saa ulainike ule mgando. Kisha twaa mswaki wa mtoto, ule laini kabisa, na mpya, maana uliokwisha kusugulia viatu una mchanga. Anza upande wa ndani, unaogusa ngozi, ndio wenye jasho. Halafu njoo kwenye nakshi, ua moja baada ya moja, huku unaigeuzageuza bangili kwenye mwanga wa dirisha. Utaona uji wa kijivu unachuruzika kutoka vishimoni, na ukiunusa utakumbuka harusi yako. Huo uji ndio ukungu wako.

Suuza kwenye bakuli jengine. Panguza kwa kitambaa cha melimeli, au kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka imelainika, kisha ziache kitambo juu ya taulo zikauke hata ndani ya nakshi. Maji machafu usiyamwage mpaka umehesabu sita, na yapitishe kwenye chujio la chai.

Sasa ukwaju. Ule ukali wake ni dawa ya shaba, na mama mkwe wako bila shaka ameona dele la kahawa linavyong'ara ukilisugulia ukwaju. Lakini uchafu wako ni mafuta, na mafuta hayaondoki kwa ukwaju. Unatafuta sabuni. Mwachie mama dele lake.

Jiki ndiyo ya kuogopwa. Ina klorini, na klorini hushambulia madini yaliyochanganywa na dhahabu. Karati 22 ina mchanganyiko mdogo, inaweza kuvumilia, lakini zile sehemu zilizolehemiwa hazivumilii, na za karati ndogo ndiyo kabisa. Pete za Kiingereza zilizopigwa 375, yaani karati 9, nazipokea zimekatika pale pale kwenye vikucha vinavyoshika jiwe, na mwenyewe anaapa hakuigonga popote. Namuuliza nani anafua nguo nyeupe nyumbani. Ni yeye, na pete kidoleni.

Dawa ya meno nayo iache mdomoni. Ndani yake mna unga wa kusugulia, na dhahabu ya karati 22 ni laini. Utaipata inang'aa, kisha itazame kwa pembe uone imejaa mikwaruzo kama kioo kilichofutwa kwa jivu.

Jambo moja zaidi, na hili ni kwa wenye vitu vya mabibi zao. Bangili ya zamani iliyo nene kwa macho lakini nyepesi mkononi huenda ina uwazi ndani, imejazwa lakiri, kitu kama nta kinachoyeyuka kwa joto, isibonyee. Hiyo usiiloweke hata dakika moja, wala usiipeleke karibu na maji ya moto. Kitambaa chenye unyevu kinatosha.

*Fundi, salaam. Nina pete ya fedha yenye akiki nyekundu, nimeachiwa na marehemu babu. Siivui, hata udhu natia nayo. Karibuni imesawijika ubavuni mpaka imekuwa nyeusi. Wenzangu wa barazani wananiambia ni kijicho cha watu, pete imenikinga. Ni kweli? Na nikiisafisha nitakuwa nimeharibu?*
Mkaa baraza, Wete

Ya kijicho waulize wanaoyajua, bwana wangu. Mimi najua salfa. Fedha ikikutana na salfa hufanya ngozi nyeusi juu yake, na salfa haina haja ya adui: imo hewani, imo kwenye mayai na vitunguu, imo kwenye sufu, imo kwenye mpira wa kufungia pesa. Joto na unyevunyevu wetu wa masika huharakisha. Itazame tena hiyo pete: naweka dhamana kwamba pale inaposuguana na kidole cha jirani imebaki nyeupe, na weusi umekaa pasipoguswa.

Fedha tupu isiyo na jiwe, kama mkufu au kikuku cha mtoto, ina njia nyepesi ya nyumbani. Tandika karatasi ya foili, ile ya kuokea samaki, ndani ya bakuli, upande unaong'aa uwe juu. Weka fedha iiguse foili, hapo ndipo kazi ilipo. Nyunyiza kijiko cha bikaboneti ya soda na kijiko cha chumvi, kisha mimina maji yaliyotoka kuchemka. Utasikia harufu ya yai viza. Usishtuke, ni salfa inaiacha fedha. Foili ndiyo inayobeba mzigo, na fedha inarudi bila kusuguliwa wala kupungua. Dakika chache, suuza, kausha.

Yako wewe usiifanyie hivyo, kwa sababu tatu. Pete za zamani mara nyingi jiwe limekalishwa juu ya lakiri, na maji ya moto yataiyeyusha, akiki ianguke ndani ya bakuli. Pili, akiki nyingi zimetiwa rangi, na jiwe hilo hunywa. Feruzi hunywa zaidi, ukiipaka mafuta hugeuka kijani. Tatu, kama ubavuni mna maandishi au maua, ule weusi wa ndani ya michoro mafundi wa fedha wa Oman na wa hapa kwetu waliuacha kwa makusudi, ili mchoro usomeke. Ukiung'oa, utabaki na pete tupu isiyo na uso.

Kwa hiyo sugua zile sehemu zilizoinuka tu, kwa kitambaa kikavu. Pakikataa, saga chaki ya skuli iwe unga laini, itie tone la maji, paka kwa ncha ya kidole, futa. Kwenye udhu ivue, au uizungushe maji yapite, na ukimaliza ukaushe chini yake. Unyevu uliojificha nyuma ya jiwe ndio unaolilegeza. Ukisafiri uiache, itie kwenye kifuko cha plastiki kinachofungika pamoja na kipande cha chaki cha kunyonya unyevu. Babu yako hutamharibia kitu.

*Ami, nilinunua herini za lulu Bweleo kwa kinamama wanaofuga chaza. Nilikuwa nazipenda sana. Zilianza kufifia nikaziloweka usiku kucha kwenye maji ya sabuni, asubuhi moja imebambuka, lulu huku, kikalio kule. Nimeuziwa bandia?*
Mama wa Fuoni

La, bibi, umeuziwa ya kweli. Ile ni nusu lulu. Chaza hubandikiwa kiini ndani ya kombe lake, naye hukifunika tabaka kwa tabaka kwa miezi mingi. Ikiwa tayari hukatwa, na kwa kawaida kiini hutolewa, uwazi wake ukajazwa, na nyuma pakafungwa kwa kipande cha kombe. Yaani katikati mna gundi. Lulu nzima ya mviringo ingestahimili usiku ule kwa taabu. Nusu lulu haiwezi.

Na lulu yoyote ni ndugu wa chokaa. Ndimu huila, siki huila, jasho la siku nzima huipunguzia nuru, na marashi ya kupuliza ndiyo mabaya kupita vyote kwa sababu watu hupuliza nyuma ya sikio, juu ya herini. Vaa lulu mwisho, baada ya udi, mafuta na mtandio. Ukirudi nyumbani, iwe ya kwanza kuvuliwa. Ifute kwa melimeli yenye unyevu kidogo, halafu kikavu. Basi, hiyo ndiyo huduma yake yote. Usiifungie kwenye plastiki pamoja na fedha za Mkaa baraza; lulu ikikaushwa sana hupasuka. Kitambaa cha pamba kinaitosha.

Ile iliyobambuka usiigandishe kwa supaglu, inatoa moshi unaoacha utando mweupe juu ya lulu. Tafuta gundi ya mirija miwili inayochanganywa, tone dogo, uishike kwa kibanio cha nguo kilichofungwa kitambaa mpaka kesho yake. Au irudishe Bweleo. Kinamama wale wanajua.

*Pete yangu ya dhahabu nyeupe inageuka manjano. Nimeibiwa?*
Michenzani

Hujaibiwa. Dhahabu nyeupe nyingi hupakwa juu rodiamu, madini meupe yanayong'aa, na rodiamu huchakaa. Unaipaka tena kila inapochakaa, au unaizoea.

*Nina kito cha tanzanaiti. Sonara mmoja ana kile kibeseni kinachotetema maji. Nimpelekee?*
Mbweni

Usimpelekee. Tanzanaiti imeanza kujulikana Mererani mwaka 1967, na kwa kipimo cha ugumu cha Mohs iko baina ya 6 na 7, wakati almasi ni 10. Mtetemo huipasua, na kutoka joto kwenda baridi ghafla vilevile. Zumaridi nayo usiipeleke huko, maana nyingi zimenyweshwa mafuta kuficha nyufa, na kibeseni kitayatoa. Sabuni na mswaki wa Bi Harusi vinatosha.

*Fundi, nilipeleka mkufu wangu wa pauni, ile sarafu ya dhahabu ya Kiingereza, kwa sonara kusafishwa. Umerudi unawaka, lakini kichwa cha mfalme karibu hakionekani, na mimi naona umekuwa mwepesi. Nikimwambia ananiambia ni macho yangu.*
Kikwajuni

Bibi, mimi sikuwepo, simhukumu mtu. Lakini nikwambie kinachotokea mezani kwetu. Sonara akiweka kitu kwenye brashi ya mashine, kile king'aacho ni kwa sababu ngozi ya juu imeondoka, na ngozi hiyo ni dhahabu. Ndiyo maana chini ya meza yangu nimetandika ngozi ya kupokea chenga, na jioni nafagia sakafu kwa ufagio mdogo na sitaki mtu aguse taka zangu. Chenga zile ni pesa, na zimetoka kwenye vitu vya watu. Fundi mzuri huondoa kidogo mno. Mwenye haraka, au mwenye tamaa, hupeleka uso wa mfalme wote.

Pauni moja nzima ina gramu 7.98 na ni karati 22. Ipime iliyo tupu, isiyolehemiwa kikonyo, utajua iliyopungua. Kwa mkufu wenyewe ulipaswa kuupima kabla, na hili nawaambia wasomaji wote: kitu kipimwe mbele ya macho yako, uandikiwe gramu na alama iliyopigwa, karatasi ukae nayo wewe. Wazee wakihesabu kwa tola, tola moja ni gramu 11.66. Sonara anayenuna ukimwomba mizani, chukua mkufu wako uende duka la pili. Mtaani mwetu yako mengi. Na pauni isisuguliwe kwa mashine abadan. Kichwa kikishaondoka, hakuna fundi wa kukirudisha.

*Kipimajoto kilivunjika kazini, zebaki ikagusa pete yangu ya ndoa ya dhahabu. Sasa ina baka jeupe kama fedha. Nimeisugua haitoki. Mume wangu anasema tuiweke juu ya jiko la mkaa, zebaki itapaa.*
Muuguzi, Mkoani

Itapaa kweli, iingie mapafuni mwenu na mwa watoto. Zebaki huchemka kwenye digrii 357, na mvuke wake hauna rangi wala harufu. Ndiyo sumu inayowaumiza wachimbaji wadogo kule Geita wanapochoma dhahabu. Zebaki imekwishaingia ndani ya dhahabu yako, ndiyo maana kusugua hakusaidii, na kila unaposugua unajipaka. Acha kuivaa leo. Itie kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana, iandike kilichomo, iweke mbali na jikoni. Mpelekee sonara mwenye bomba la kutolea moshi, na kabla hujamkabidhi mwambie wazi kuwa ni zebaki, asije akaishika kwa moto kama pete nyengine. Huenda ikabidi uso wake ukwanguliwe kidogo au pete iyeyushwe ifuliwe upya. Dhahabu itakuwa ile ile yako, ukiwa na karatasi ya gramu mkononi.