Muulize Mkemia: Kwa nini walichukua maji ya jicho la marehemu?

SWALI: Shikamoo mama. Mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka 34, alilala mzima, asubuhi tukamkuta amefariki. Alikuwa akitumia dawa za maumivu ya mgongo na za usingizi, basi. Daktari aliupasua mwili, hakuona sababu, akapeleka sampuli kwenye maabara ya sumu. Wiki ya tano hii, kimya. Walichukua damu ya paja na hata maji ya jicho. Jicho linahusiana vipi na sumu? Shangazi anasema mdogo wangu alitiliwa kitu kwenye chakula na majibu yanafichwa. Na wakija kusema alikutwa na pombe, wakati hakuwa mnywaji, tufanyeje?
Dada wa marehemu

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Naanza na jicho, kwa sababu ndilo linalojibu hofu yako ya pombe.

Mtu akifa, bakteria wa tumboni hawafi naye. Husambaa mwilini, hula sukari na kutengeneza pombe. Asiyewahi kuionja anaweza kukutwa nayo kwenye damu, hasa mwili ukichelewa kuwekwa kwenye baridi. Maji ya ndani ya jicho yamefungiwa mbali na utumbo, kwa hiyo huchelewa kuchafuka. Damu ikionyesha pombe na jicho likawa halina, mkemia makini hamwiti marehemu mlevi. Ataangalia pia mkojo, akitafuta ethili glukuronidi, kitu ambacho mwili hukitengeneza unapoishughulikia pombe iliyonywewa. Hata chupa ya damu hutiwa sodiamu floraidi ili bakteria wasiendelee na kazi yao humo. Basi majibu yakitaja pombe, uliza imepatikana wapi: kwenye damu, jicho au mkojo? Jicho hilohilo, sukari yake ikiwa juu sana, huweza kufichua kisukari ambacho mgonjwa mwenyewe hakukijua, na vifo vya namna hiyo nimeona vikiitwa sumu na familia nyingi.

Paja nalo lina sababu yake. Dawa nyingi hujikusanya kwenye ini, mapafu na misuli ya moyo. Baada ya kifo huvuja na kurudi kwenye damu iliyo karibu, hivyo damu ya moyoni huweza kuonyesha kiwango kikubwa kuliko alichokuwa nacho marehemu akiwa hai. Amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu, na digoksini, dawa ya moyo, zinajulikana sana kwa tabia hiyo. Ukisoma namba ya damu ya moyo peke yake, unaweza kumtuhumu mtu kwa dozi aliyoandikiwa na daktari. Damu ya paja iko mbali na viungo hivyo, ingawa nayo si safi kabisa.

Kuhusu kuchelewa, sina haraka ya kumlaumu mtu. Kipimo cha kwanza ni cha kuchuja tu, yaani kuonyesha cha kushuku, na hudanganywa na dawa zinazofanana. Kila kinachojitokeza lazima kithibitishwe kwa mashine ya kutenganisha kemikali na kuzipima uzito, kisha kiasi chake kipimwe. Na hakuna mashine moja inayoona sumu zote: aseniki ina njia yake, hewa ya kaboni monoksidi ina yake, insulini nayo ni shughuli nyingine. Kwa hiyo maneno “hakuna sumu iliyoonekana” yana maana ya zile zilizotafutwa. Mnayo haki ya kuuliza ni zipi.

Tena wataalamu hupingana. Mwaka 1840, katika kesi ya Marie Lafarge kule Ufaransa, aliyeshtakiwa kumuua mumewe kwa aseniki, vipimo vya sumu hiyo vilikinzana mpaka Mathieu Orfila, bingwa wa sumu, alipoitwa kurudia kazi. Mshtakiwa alihukumiwa, na watu wakaendelea kubishana.

Sasa dawa za mdogo wako, na hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko kwenye sufuria ya shangazi. Baadhi ya dawa kali za maumivu, za jamii ya mofini, zikikutana na za usingizi hupunguza pumzi, hata kama kila moja peke yake iko kwenye kiwango cha kawaida. Mtu huacha kupumua akiwa amelala, na daktari akipasua huenda asikute kitu zaidi ya mapafu yaliyojaa maji. Aliyeizoea mofini huvumilia kiasi ambacho kingemuua mgeni wa dawa hiyo, kwa hiyo namba ya maabara haisomeki bila kujua alianza lini na kama dozi ilipandishwa karibuni. Pelekeni vibandiko vya dawa vya kwenye ngozi na paketi zote, hata tupu, za mitishamba pia. Msisafishe chumba. Semeni kama kulikuwa na jiko au jenereta likiwaka, maana huko ndiko hutoka kaboni monoksidi.

Wasipokuta kitu chochote, muombe daktari azungumzie hitilafu za mapigo ya moyo. Nyingine hurithiwa na haziachi alama kwenye maiti, na wewe na ndugu zako mtahitaji kupimwa.

Shangazi simcheki. Sumu zipo na watu wamewahi kuwekewa. Mwombe amweleze mpelelezi nani alikula nini usiku ule, saa ngapi, na nani mwingine aliumwa. Mabaki ya tumboni yanaweza kupimwa, lakini mkemia anahitaji kujua atafute nini.