Mshale unasoma 48, tochi inasoma 64

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Rover Series III fupi, ile 88 ya petroli. Difu ya nyuma ilikufa nikatafutiwa nyingine ya mtumba ikafungwa, toka siku hiyo gari siielewi. Juzi trafiki kanipiga tochi 64 kwenye kibao cha 50 wakati mshale wangu mimi ulikuwa 48, na mlima wa Kitonga niliokuwa napanda na namba tatu saa hizi ni mbili tu. Halafu giaboksi inavuma namba moja mpaka tatu, nikiingiza nne kimyaa. Ni difu hiyo hiyo au niuze tu? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Marahaba ndugu yangu, usiuze, hayo ni magonjwa mawili yamekutana kwenye gari moja.

Hiyo faini imekulipa, maana tochi ndo imetoa siri. 64 gawa kwa 48 unapata 1.33. Difu ya Series ni 4.7, yaani propela (ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu) inazunguka mara 4.7 ili matairi yazunguke mara moja, ya Range Rover za zamani ni 3.54, na 4.7 ukigawa kwa 3.54 inakuja hiyo hiyo 1.33. Spidomita yako inazungushwa na trasfa (boksi la nyuma ya giaboksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), yenyewe inahesabu propela tu, haina habari kwamba huko nyuma umebadilishiwa kitu. Na mlima ndo umekuwa mzito kwa sababu ya difu hiyo hiyo, namba ile ile sasa inazungusha tairi haraka zaidi ila kwa nguvu ndogo.

Ila kapime mwenyewe. Weka mawe ya maana matairi ya mbele, maana hendibreki ya hizi gari inakamata propela kwa hiyo lazima uiachie, gia frii, piga jeki tairi moja la nyuma na stendi juu yake. Chora chaki kwenye tairi na kwenye propela, zungusha tairi raundi 2 kamili (mbili, kwa sababu mwenzake yuko chini hazunguki) mtu akuhesabie propela. Ikifika karibu 4 na robo tatu ni 4.7, ikiishia 3 na nusu basi umefungiwa ya Range Rover.

Mbele bado una 4.7, kwa hiyo kirungu cha njano, cha kuingiza fowili (matairi yote manne yavute), usikibonyeze kabisa, na chekundu usikivute, nacho kinaingiza fowili chenyewe. Matairi ya nyuma yatataka kwenda theluthi zaidi ya ya mbele, na kwenye lami lazima kitu kikatike. Mimi ningerudisha 4.7 nyuma. Wapo wanaofunga 3.54 mbele na nyuma ili gari ikimbie, kwa mtu wa tambarare sawa, wewe na Kitonga yako hapana.

Sasa kuvuma. Namba nne kwenye giaboksi hiyo inapita moja kwa moja, leishafti (shafti ya pili humo ndani, inayobeba mzigo kwenye namba nyingine) inazunguka bila mzigo, ndo maana inanyamaza. Difu haichagui namba, inalia kufuata mwendo na mguu wako kwenye mafuta. Kwa hiyo shuku beringi za leishafti kwanza. Gari ikiwa silensa (inaunguruma tu bila kukanyaga mafuta), gia frii, kanyaga klachi: sauti ikikata iko ndani ya giaboksi, ikianza pale unapokanyaga ni rilizi beringi, ile ya klachi. Mwaga oili ya giaboksi kwenye beseni safi upitishe sumaku. Ungaunga wa kijivu ni uzee tu, lakini ukiokota kipande kinachoshikika kwa vidole usiwashe tena, vuta gari mpaka gereji.