Bastola ya babu yako: usianze na msasa

Lindi

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, goti tu linamsumbua. Ujumbe wako niliusoma mara mbili. Umeniuliza: "Baba, ile bastola ya babu ikiwa mikononi mwangu, naweza kuisafisha ing'ae kama mpya? Na nikienda nayo uwanja wa shabaha, ni salama kuipiga?" Nimeona nikuandikie barua, maana mambo haya hayafai kuzungumzwa kwenye simu huku upo ndani ya daladala.

Kwanza ujue iko wapi. Siku ya nne baada ya maziko niliipeleka polisi mwenyewe, pamoja na leseni ya marehemu na kile kibati chake cha risasi. Leseni ya silaha ni ya mtu, hairithiwi kama mikorosho. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015 utaomba leseni kwa jina lako, na utatakiwa kuonyesha kwamba unajua kuitumia. Wajomba zako walitaka ibaki kabatini mpaka arobaini ipite. Nilikataa, na mpaka leo sijuti.

Sasa bastola yenyewe. Ni Webley namba sita, ya risasi sita, kipenyo cha .455. Jeshi la Uingereza lilianza kuitumia mwaka 1915, katikati ya ile vita iliyofika mpaka huku kwetu. Ukitoka Lindi kwenda Masasi unapita Nyangao na Mahiwa. Hapo Oktoba 1917 Waingereza na Wajerumani walipigana siku nne. Sisemi hii ya kwetu ilikuwepo. Babu yako aliachiwa na bosi wake wa shamba la mkonge, alipokuwa karani anayebeba mishahara ya manamba, akaiandikisha kwa jina lake.

Kuhusu kuing'arisha, nikueleze jambo ambalo sijawahi kukueleza. Nilipokuwa na miaka kumi na saba, babu yako alisafiri kwenda Newala. Nikaitoa bastola sandukuni, nikachukua msasa wa fundi seremala jirani yetu, nikaisugua jioni nzima. Ile rangi ya weusi wa bluu ikatoka upande mmoja, chuma kikawa cheupe kama kijiko. Nilifurahi sana. Babu yako aliporudi akaichukua, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha ukucha pale palipokuwa na alama ndogo za kugongwa. Hakunipiga. Alikaa siku tatu bila kusema nami neno.

Nilipokuja kuwa fundi silaha jeshini ndipo nilipoelewa. Zile alama ndizo zinazoeleza silaha ilitoka kiwanda gani na ilijaribiwa na nani. Birmingham, ilikotengenezwa hiyo, kuna nyumba ya kujaribia bunduki tangu mwaka 1813. Mtutu hupigwa kwa baruti kali kupita kawaida, ukistahimili hugongwa muhuri. Mimi muhuri mmoja niliufuta kwa msasa wa seremala. Namba ya silaha ilinusurika kwa sababu giza liliingia kabla sijaifikia. Ingefutika, leo polisi wasingekuwa na cha kulinganisha na leseni, nawe ungeomba leseni ya silaha isiyo na jina.

Kwa hiyo usiing'arishe. Iache ionekane na umri wake. Kinachotakiwa ni kuondoa kutu inayokula na kuacha ile rangi ya kahawia iliyokwisha kutulia. Usitumie msasa, wala stilwaya ya kuoshea sufuria, wala asidi ya betri, hata fundi wa mtaani akikuapia. Tumia mafuta mepesi, yaache yaingie usiku kucha, kisha kitambaa cha pamba na brashi ya shaba, kwa subira. Ndani utakuta utando mgumu wa njano. Hayo ni mafuta ya nazi. Babu yako aliipaka miaka yote, akiamini yanafaa chuma kama yanavyofaa nywele. Yanaganda na kunata kama gundi. Mafuta ya taa yatayayeyusha, kisha ukaushe vizuri na upake mafuta ya cherehani, matone machache tu. Na isirudi kwenye ule mkoba wa ngozi. Ngozi inanyonya unyevu, na upepo wetu wa bahari umebeba chumvi. Ile kutu ya upande wa kulia ilianzia humo.

Skrubu usiziguse. Kufungua utumbo wa silaha na kubadilisha springi ni kazi ya fundi mwenye kibali, na bisibisi isiyojaa kwenye mfereji wa skrubu huutafuna kwa mkupuo mmoja.

Nakuja kwenye kuipiga. Jibu langu ni kwamba sijui bado, na wewe hujui, mpaka ikaguliwe. Ukaguzi wa kwanza unaweza kuufanya mwenyewe, mbele ya mwalimu wa shabaha. Bonyeza kitasa cha kushoto kwa kidole gumba. Inakunjuka katikati kama shotigani, na ile nyota iliyo nyuma ya silinda, yaani lile pipa dogo linalozunguka lenye matundu ya risasi, inainuka kusukuma maganda yote sita nje. Hesabu matundu sita matupu, kwa macho na kwa kidole. Elekeza mtutu kwenye mwanga uutazame kutoka nyuma: vidoto vidogo vya kutu vinavumilika, lakini ukiona kivuli cha duara kama pete, hapo mtutu umevimba, na safari imeishia hapo. Kisha ifunge ikiwa tupu, vuta nyundo polepole. Silinda izunguke na kukaa imara, tundu likitazamana na mtutu sawasawa. Ikichezacheza kama jino la mtoto wa miaka sita, risasi itagonga ukingo wa mtutu na vipande vya risasi vitaruka pembeni, usoni mwako au mwa jirani. Baada ya hapo mpe fundi apime kwa vifaa. Akisema hapana, usitafute fundi wa pili atakayesema ndiyo.

Risasi za kwenye kibati zisahau. Ni za zamani, na fataki za enzi hizo, yaani kile kidude cha kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti, zilikuwa na chumvi inayotafuna mtutu. Askari wa Kiingereza walimimina maji ya moto mtutuni baada ya kupiga, kwa sababu chumvi inayeyuka kwa maji, haiyeyuki kwa mafuta. Ndipo walipokausha na kupaka mafuta. Tafuta mpya za .455 Webley kwa muuzaji mwenye kibali. Na hapa nisikilize vizuri. Huko Marekani nyingi ya bastola hizi zilikerezwa silinda nyuma ili zimeze risasi ya .45 ACP, risasi ya bastola ya Kimarekani, iliyokuwa rahisi kupatikana. Inaingia, inafunga, inalia. Lakini nguvu yake ni kubwa kuliko ile iliyokusudiwa kwa chuma hiki, na silinda zimewahi kupasuka. Hata ya kwetu mwambie fundi aitazame silinda kama imeguswa.

Siku ukiruhusiwa, vaa miwani na viziba masikio, ushike kwa mikono miwili, na vidole visikae pembeni ya silinda, maana pale kuna mwanya unaotema moto. Weka risasi moja. Piga, fungua, tazama. Ukisikia mlio mdogo usio wa kawaida, simama, fungua, chungulia mtutu, maana risasi inaweza kuwa imekwama ndani, na ya pili ikiifuata mtutu unapasuka. Na ukivuta isilie, usivute tena. Ishike hivyo hivyo ikielekea shabaha, hesabu mpaka sitini. Niliyaona haya kwa macho yangu: kuruta mmoja alivuta, kimya, akataka kuifungua. Mwalimu alimkamata mkono, na kabla hatujamaliza kushangaa risasi ikatoka yenyewe. Ilikwenda kwenye shabaha kwa sababu mtutu ulikuwa bado unatazama huko.

Ukiniuliza maoni yangu, ikipita ukaguzi ipige risasi sita, ujue babu yako alikuwa ameshika nini, kisha iache ipumzike kwenye kasiki.

Jumatatu nakwenda kituoni kuomba waipake mafuta na waitoe kwenye ule mkoba. Nitumie nakala ya kitambulisho chako cha taifa na picha mbili, nianze kukuulizia fomu.

Baba yako