Mkono umevimba, pete hainiingii

SWALI: Shangazi, Machi nilikatwa titi la kushoto na tezi za kwapani zikatolewa. Sasa mkono huo umevimba. Saratani imerudi? Mama Kevo, Kayole.

JIBU: Pole, Mama Kevo. Nami nilikatwa kama wewe, na mkono wangu wa kushoto ulivimba siku niliyobeba kiroba cha viazi kutoka Marikiti mpaka stejini. Ukaidi tu. Tezi zikitolewa, majimaji ya mkono hukosa njia, yakajaa. Si lazima iwe saratani, ila mwone daktari wiki hii; mkono ukiwa mwekundu na wa moto, nenda leo. Mimi navaa soksi ya mkono inayobana, na presha napimwa mkono wa kulia. Pete nayo niliihamishia huko. Mzee alinung'unika siku mbili, akazoea.