Jina Linalosomwa Kwanza

SWALI: Mzee mshauri, shikamoo. Huku kwetu Tandahimba yupo bwana mmoja ambaye katika kila hitima na kila harambee jina lake husomwa kwanza kwenye kipaza sauti, na katika mikutano ya chama cha msingi cha ushirika wa wakulima hakuna anayeilaani kangomba, yaani ule ununuzi wa korosho wa kificho kwa bakuli badala ya mizani, kumshinda yeye. Mwezi Agosti shangazi yangu aliuguliwa na mtoto, na kwa kuwa sisi ndugu hatukuwa na kitu, bwana huyo akampa fedha. Msimu ulipofika akaja usiku kujilipa kwa korosho alizozipima kwa bakuli lake mwenyewe, kila bakuli likijazwa hadi kufanya kichuguu. Sasa ametuma salamu kwamba atachangia harusi ya mdogo wangu, ambayo tunaikusanyia tangu Septemba. Je, tupokee?

Msomaji, Tandahimba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msipokee kabla shangazi yako hajapata haki yake. Nenda na wazee wawili, bila kelele, mmwombe mchango huo aupeleke kwa shangazi: korosho alizochukua zihesabiwe kwa bei ya mnada, akate deni lake, kinachozidi akirudishe.

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mkoani Mtwara mwaka 2007, korosho hupimwa kwa mizani ya chama, hutunzwa ghalani na kuuzwa mnadani, naye mkulima husubiri malipo. Kangomba hustawi katika kusubiri huko, kwa mtu ambaye mgonjwa wake hawezi kungoja mnada.

Sidhani kwamba bwana huyo hujifanya tu anapoilaani. Binadamu akishakemea uovu mbele za watu hujiona ameshaulipia, na ukali wake juu ya wanunuzi wengine humzuia kuuliza bakuli lake linabeba kiasi gani. Msikitini na kanisani tumefundishwa kwamba mkono wa kushoto usijue kinachotolewa na wa kulia. Lakini kipaza sauti tumekikodi sisi, majina tunayapanga sisi kwa ukubwa wa fedha, na anayetaka sifa huzinunua pale zinapouzwa.

Kuna jambo katika barua yako lililonigusa zaidi. Agosti, mtoto akiwa mgonjwa, ndugu wote hamkuwa na kitu. Septemba kamati ya harusi ikaanza kupokea fedha kutoka kwa ndugu haohao. Siamini kwamba mlimficha shangazi yenu fedha kwa makusudi. Ninachokiona ni kwamba harusi ina daftari, na asiyetoa hujulikana siku hiyohiyo, ilhali anayempa mama nauli ya kumpeleka mtoto hospitali haandikwi popote, na hata asipotoa hakuna atakayemuuliza. Hapo ninyi na bwana huyo mmefanana, na naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu si ukoo wenu pekee ulio hivyo.

Basi akikataa kurudisha, toeni katika fedha za harusi kiasi alichopunjwa shangazi, hata ikibidi pilau ipungue, na mpelekeeni nyumbani kwake kabla ya siku ya harusi.