Kona ya digrii 45 kwenye mbao nyembamba, kisu kinatoboa mpaka nje

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Moshi, natengeneza viboksi vya mninga vya kuwekea kahawa, wageni wakishuka mlimani wanavipenda sana. Mbao naziranda mpaka milimita 12, kona nakata digrii 45. Juzi nikaazima kwa jamaa yangu mashine ya biskuti, ile inayochimba mfereji kwenye mbao mbili ili upachike kijibao chembamba cha kuziunga (hicho ndo biskuti), nikatumia biskuti namba 20 maana ndo nilizozikuta dukani, boksi mbili kisu kikatoboa mpaka nje, la tatu likatoka safi ila nilivyopiga vanishi ikaonekana alama ya biskuti imebonyea. Mashine mbovu au mimi nakosea?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mashine haina shida, biskuti ndo kubwa mno kwa mbao hiyo. Huu ufundi wa kuunga kwa biskuti alianzisha seremala wa Uswisi, Hermann Steiner, miaka ya 1950, na alikuwa anatafuta njia ya kuunga chipbodi (mbao za vipande vidogo vilivyogandishwa kwa gundi) za makabati, sio viboksi vya mkononi.

Sasa angalia kona yako. Mbao ya milimita 12 ukiikata digrii 45, uso wa ule mkato unakuwa kama milimita 17, ila upande wa nje kwenye ncha mbao ni nyembamba kama ukucha na upande wa ndani ndo kuna nyama. Ukichimba umbali wa milimita 10 kutoka kwenye ncha, kisu kikiingia milimita 10 tu kimeshatokea nje. Namba 20 inataka kina cha milimita 12 na kidogo, kwahiyo ukiweka katikati ya uso lazima itoboe, hata fundi awe nani.

Tafuta namba 0. Ile ina urefu wa milimita 47 na inaingia milimita 8 tu kila upande. Mfereji usiuweke katikati, usogeze ndani, katikati ya mfereji iwe milimita 12 mpaka 13 kutoka kwenye ncha. Kupima hivyo kwenye mbao moja moja inasumbua, mashine inacheza, mimi hapa Arusha nafanya hivi: nachukua mbao mbili nazilaza mgongo kwa mgongo, nyuso za nje zigusane, ncha ziwe sawa kabisa, nazibana kwa klampu. Ile mikato miwili inatengeneza kona ya digrii 90 kama paa la nyumba, basi mashine unaiweka kwenye digrii 90 ya kawaida, unaikalisha juu ya hilo paa na haiendi popote. Kona moja ya boksi lenye kimo cha sentimita 8 biskuti moja inatosha. Jaribu kwanza kwenye mabaki, tafadhali usianze na mninga wako.

Kuhusu ile alama, hapo uliharakisha msasa. Biskuti ni mbao iliyobanwa kwa presha, ikinywa maji ya gundi nyeupe inavimba, ndo inavyokaza, na mbao iliyo juu yake nayo inainuka kidogo. Ukipiga msasa siku hiyohiyo unakula kile kilichoinuka, ikikauka inarudi chini na inabaki bonde lenye umbo la biskuti, vanishi ndo inalionyesha. Mimi nasubiri siku mbili, masika nasubiri zaidi. Na biskuti zenyewe zifungie kwenye kopo la mfuniko, zikikaa wazi kipindi cha mvua zinavimba kabla hata hazijaona gundi, halafu unazigongea kwa nyundo mpaka mbao inapasuka.

Mbao ikiwa nyembamba chini ya milimita 10 achana na biskuti. Unga kona kwa gundi peke yake, ikikauka pitisha msumeno kwenye kona kwa nje, pachika kijibao chembamba cha mbao ya rangi nyingine, kata kilichozidi na randa. Kwenye mninga weka kijibao cheupe, inapendeza na inashika kweli.